Maswali ya Wasomaji: Wastaafu Wawili Wanataka Kulizunguka Ziwa kwa Boti

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi na mke wangu ni wastaafu, na tunaishi Luchelele, hapa Mwanza. Nilifundisha jiografia katika shule za sekondari, naye alikuwa muuguzi. Watoto wanajitegemea, nyumba tunayo, na mkupuo wa mafao yangu umekwisha kuingia benki. Hivi karibuni tulitazama kwenye televisheni kipindi kuhusu wastaafu wa Marekani ambao hununua boti yenye chumba cha kulala na jiko, kisha wakasafiri kwa miezi kadhaa katika njia ya maji inayofuata pwani ya mashariki ya nchi yao, wakitua mji mmoja baada ya mwingine bila haraka yoyote. Nami nimechora ramani yangu. Kutoka Mwanza tutapita visiwa vya Kome na Maisome hadi Rubondo, tutapanda mpaka Bukoba, halafu tutalikata ziwa kuelekea Ukerewe na Musoma, na kurudi nyumbani kupitia Ghuba ya Speke. Nimepata boti ya mbao ya mita nane, iliyokwisha kutumika, pamoja na injini ya hospawa 40, na muuzaji anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Je, safari hii inawezekana kwa watu wa umri wetu? Na boti hiyo niinunue?
Mwalimu mstaafu, Luchelele

Mhariri, barua hii nimeisoma kabla ya kutumwa, na ninaomba niongeze maneno machache. Safari siipingi. Lakini mimi sijui kuogelea, mume wangu alijifunza akiwa mtoto na sijapata kumwona majini tangu tuoane, na katika ramani yake hakuna mahali palipoonyesha tutalala wapi.
Mke wake

JIBU: Shikamooni, Mwalimu na Sista. Inawezekana kwa wastaafu kusafiri ziwani kwa boti yao, lakini safari iliyochorwa kwenye ramani hiyo siyo, angalau kwa sasa, na boti hiyo isinunuliwe kwa tarehe aliyoipanga muuzaji.

Njia ile mliyoiona kwenye televisheni ina masharti yake ambayo kipindi cha nusu saa hakiwezi kuyaeleza. Sehemu yake ya Atlantiki huhesabiwa kuanzia Norfolk, katika jimbo la Virginia, ambako ndiko maili sifuri, hadi Miami, ambako ni maili 1,090, yaani takriban kilometa 1,750. Katika sehemu kubwa ya mwendo huo msafiri hayuko baharini hata kidogo. Yuko ndani ya mito, mifereji iliyochimbwa na hori ndefu zilizokingwa na visiwa vya mchanga, na mawimbi ya bahari kuu hupiga upande wa pili wa visiwa hivyo. Alama nyekundu na za kijani humwonyesha mahali penye kina, na njiani kuna bandari ndogo za boti za starehe zenye mafuta, maji safi, umeme na mtu wa kupokea kamba. Wastaafu wale hushuka kusini baridi inapokaribia na kurudi kaskazini joto linaporejea, na shida zao za kila siku ni mafungu ya mchanga yanayohama na madaraja ambayo lazima yasubiriwe yafunguliwe.

Ziwa Victoria ni maji ya wazi. Lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 68,800, na karibu nusu ya hizo ziko Tanzania, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu, na hata mahali penye kina kikubwa kabisa hapazidi mita 85. Upepo ukianza, mawimbi huinuka upesi, huwa mafupi na yaliyosimama, na hufuatana kwa karibu kiasi kwamba boti ya mita nane haijamaliza kuteremka wimbi moja kabla ya kupigwa na la pili. Alama za kuongoza boti ndogo ni chache mno, na nje ya miji hakuna bandari za starehe za kuzitegemea; kuna mialo, yaani fukwe wanapotua wavuvi, nayo ina taratibu zake ambazo nitazieleza mbele.

Mwalimu hahitaji kufundishwa habari za upepo wa nchi kavu na upepo wa ziwani, kwa kuwa ameitahini mada hiyo vidato vingi, ila nashangaa kwamba haukuonekana kwenye ramani yake. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hivyo hewa huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na kuanzia adhuhuri upepo huo huchafua maji ya kandokando. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, upepo hutoka pande zote za nchi kavu na kukutana juu ya ziwa ambalo bado lina joto, hewa hupanda, na matokeo yake ni ngurumo. Ndiyo sababu dhoruba nyingi kali za ziwani hutokea usiku na alfajiri, na upande wa magharibi ndio unaolemewa zaidi: Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza. Sasa mstari uliochorwa kutoka Rubondo hadi Bukoba, na ule wa kulikata ziwa kutoka Bukoba hadi Ukerewe, ndiyo mistari miwili inayopita hasa katika maji hayo, na wa pili hauna hata mahali pamoja pa kujificha kwa saa nyingi. Mvumbuzi Henry Stanley alilizunguka ziwa zima mwaka 1875 kwa mashua iliyoletwa vipande vipande kutoka pwani, akianzia Kageye, si mbali na mlipo. Safari hiyo ilichukua takriban miezi miwili, naye alikuwa na kundi la vijana wa kupiga makasia.

Kinachoweza kuigwa kutoka kwa Wamarekani wale ni mwendo wao, na hapo ndipo wastaafu mnapowazidi watu wote wanaosafiri katika ziwa hili. Mfanyabiashara wa dagaa anawahi soko, mtumishi anawahi kuripoti kazini Jumatatu, mvuvi anawahi giza la mwezi. Hawa huondoka hata wanapoona wingu, kwa sababu wana mahali pa kuwahi. Ninyi hamna. Ikitokea kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo la upepo mkali, mnaweza kukaa Kome siku nne mkila sato na kusikiliza redio, na pensheni ya mwezi itaingia vilevile. Mkiitumia nafasi hiyo, mtakuwa salama kuliko vijana wenye injini mbili. Mkijifunga na tarehe za kufika hapa na pale, mtakuwa mmeitupa faida yenu pekee.

Kwa hiyo ningependa Mwalimu aikunje ramani ile na kufungua nyingine iliyo mlangoni pake. Ghuba ya Mwanza inaingia kusini kwa takriban kilometa 60, na upana wake ni kati ya kilometa mbili na nusu na 11. Ina nchi kavu pande zote mbili, ina mialo mingi, na popote mtakapokuwa mtaweza kufika ufukweni ndani ya muda mfupi. Katika ziwa letu lote hakuna sehemu inayokaribia zaidi njia ile ya Marekani, na Luchelele iko ukingoni mwake. Msimu wenu wa kwanza uishie humo. Mwezi Juni hadi Septemba mvua ni chache, ingawa upepo wa kusi huvuma kwa nguvu nje ya ghuba katika miezi hiyohiyo. Ondokeni jua likiwa limechomoza na mawingu ya usiku yametawanyika, tuseme saa moja asubuhi, na mfunge kamba kabla ya saa sita mchana. Piteni chini ya Daraja la JP Magufuli, lile la kilometa tatu kati ya Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025, mkalitazame kutoka majini, kwa sababu wanaolivuka kwa gari hawalioni vizuri. Kusini zaidi ya hapo kina hupungua, na mnapaswa kwenda polepole.

Ghuba hiyo nayo ina mitego mitatu. Wa kwanza ni majabali. Yale yanayoonekana, kama Jiwe la Bismarck, hayana madhara. Yanayoua boti ni yale yaliyo nusu mita chini ya maji, na msiyaamini macho yenu ya zamani, kwa kuwa kiwango cha ziwa kilivunja rekodi mwaka 2020 na kuivunja tena 2024, hivyo jiwe lililokuwa likionekana mlipohamia Mwanza linaweza kuwa limefunikwa. Mtego wa pili ni magugu maji. Upepo huyahamisha, na hori iliyokuwa wazi jana inaweza kufungwa leo. Yakiingia kwenye propela injini husimama, na yakiziba tundu la kuvuta maji ya kupoozea, injini huungua bila kusimama kwanza, jambo ambalo ni baya zaidi. Mwendeshaji awe na mazoea ya kugeuka kila mara na kutazama mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini. Ukipungua, azime papo hapo. Wa tatu ni nyavu na vizimba vya kufugia samaki, ambavyo vimeongezeka sana miaka hii. Mchana maboya yake yanaonekana. Usiku hayaonekani, na hiyo ni sababu nyingine ya kutosafiri usiku.

Tuje kwenye boti. Muuzaji kutaka jibu mwisho wa mwezi ni tatizo la muuzaji. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, mwombeni aipandishe nchi kavu, na mwende na fundi wa mitumbwi asiye rafiki yake. Fundi huyo achunguze mkuku (uti wa chini wa boti), mataruma (mbavu zake) na mbao za chini, aone kama kalafati, ile pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, imeshika au imefunikwa kwa rangi mpya tu. Rangi mpya kwenye boti kuukuu inayouzwa ni jambo la kuuliza. Kisha irudishwe majini ilale usiku mmoja, na asubuhi mtazame maji yaliyojikusanya kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti. Boti ya mbao kuvuja kidogo si ajabu. Ikiwa inahitaji mtu wa kufua maji mara kwa mara ikiwa imefungwa tu, fikirini itakuwaje ikipigwa na mawimbi.

Injini ya hospawa 40, ikiwa ni ya aina inayochanganywa oili kwenye petroli, inaweza kunywa lita zipatazo 20 kwa saa ikifunguliwa yote. Kwa watu wasiokuwa na haraka, hiyo ni nguvu nyingi isiyohitajika, na injini ya hospawa 15 inayotumia oili yake kando ingewatosha ndani ya ghuba. Vyovyote iwavyo, mafuta yagawanywe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na moja lisiguswe. Visiwani petroli huuzwa kwa madumu, bei yake ni juu, na usafi wake hauna uhakika, kwa hiyo bebeni kitambaa au chujio.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi lakini kwa uzito. Tangu Julai 2024 mkupuo ulipandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa watumishi wengi, na wastaafu wengi wamekuwa wakionyeshwa biashara na vyombo vya kila aina tangu wiki waliyolipwa. Boti hugharimu fedha hata ikiwa imefungwa: ukaguzi na leseni ya TASAC, shirika linalosimamia vyombo vya majini, mlinzi, rangi, kalafati, vipuri. Kodini kwanza, pamoja na nahodha anayelijua ziwa, kwa msimu mzima. Mwalimu akiwa bado na hamu baada ya hapo, na Sista akiwa bado anapanda kwa hiari yake, ndipo mzungumze kununua.

Sista aliuliza mahali pa kulala. Laleni nchi kavu. Kwenye mwalo mtakaotua, kabla ya kushusha mizigo, mtafuteni kiongozi wa kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ambacho kila mtu hukiita BMU, na ofisa mtendaji wa kijiji. Jitambulisheni, semeni mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Wao watawaonyesha nyumba ya wageni na mtu wa kulinda boti. Injini huibiwa ziwani, tena wakati mwingine kwa silaha, na mgeni aliyejificha kwenye hori ili alale kwa utulivu ndiye anayetafutwa na wezi. Ishusheni injini kila jioni na mlale nayo chumbani, hata kama harufu ya petroli itamkera mtu.

Kuogelea kunafundishika katika umri wowote, na pa kujifunzia ni bwawa la hoteli, si ziwani penye mamba na kichocho. Lakini hata muogeleaji hodari huchoka upesi kwenye mawimbi, kwa hiyo jaketi okozi livaliwe na kufungwa kamba zake tangu mguu unapotoka ufukweni hadi unaporudi. Majaketi yaliyorundikwa chini ya kiti hayajamwokoa mtu. Uzito nao uwekwe chini na katikati, na watu wasihamie upande mmoja wanapokaribia kutua. Hilo si jambo dogo: kivuko cha MV Nyerere, kilichozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, kikapakia mara kadhaa ya idadi hiyo, na zaidi ya watu 220 walifariki gati likiwa linaonekana. Wakazi wa Mwanza wenye umri wenu hawahitaji kukumbushwa kuzama kwa meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996.

Ukerewe na Rubondo msiziondoe kwenye ndoto zenu. Ziondoeni tu kwenye boti hiyo. Nansio, huko Ukerewe, kuna meli kutoka Mwanza, mwendo wa saa tatu hivi, na ukiwa juu ya sitaha Mwalimu ataweza kuona mdomo wa Ghuba ya Speke ulivyo wazi kwa upepo wa magharibi, kisha aamue mwenyewe kama angependa kuukata akiwa na boti ya mita nane. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, maarufu kwa sokwe walioletwa huko katika miaka ya 1966 hadi 1969 na kwa nzohe, swala wa majimaji, na hakuna mtu anayetua bila kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Nendeni Kasenda kwa barabara na mvushwe kwa boti ya hifadhi. Wakati huohuo, kisiwa cha Saanane kiko palepale Kapripointi, dakika chache tu kutoka mjini, na ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini. Ni mahali pazuri pa kumjaribu Sista kwa mara ya kwanza.

SWALI: Mume wangu ana umri wa miaka 66, ana shinikizo la damu na kisukari, na anatumia insulini. Tuna mtumbwi wenye injini na tumezoea kutembelea ndugu zetu katika visiwa vidogo vya jirani, na huko hukaa wiki nzima. Watoto wanataka tuache kabisa. Je, wana haki?
Mama wa Nansio

JIBU: Watoto wana haki ya kuogopa, Mama, lakini sioni kwamba wana haki ya kuwafungia nyumbani. Mwulizeni daktari wake mambo mawili mahususi. La kwanza ni vidonge vya shinikizo la damu: baadhi yake hupunguza maji mwilini kwa kumfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na mgonjwa anayekaa juani saa tatu kwenye mtumbwi akijizuia kunywa maji ili asipate taabu ya choo anaweza kuanguka kwa kizunguzungu. Anywe maji, na mtumbwi utue njiani. La pili ni insulini. Isiachwe kwenye jua wala kwenye sanduku la chuma. Pasipo na jokofu, mtungi wa udongo wenye maji kiasi, uliowekwa kivulini, hupunguza joto vizuri, dawa ikiwa ndani ya chombo kisichopitisha maji. Gawanyeni dawa mafungu mawili katika mifuko miwili tofauti, ili mmoja ukitumbukia ziwani msibaki mikono mitupu. Kila mara awe na sukari au soda karibu, nawe ujue dalili za sukari kushuka.

Hukuuliza habari za kichocho, lakini nitaisema kwa sababu visiwa vyenu ni miongoni mwa maeneo yanayosumbuliwa zaidi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Hatari basi haiko katikati ya ziwa. Iko katika zile hatua kumi za kushuka majini na kuvuta mtumbwi ufukweni. Vaeni mabuti marefu ya mpira, au mshuke penye gati au jiwe. Dawa yake, prazikuanteli, hupatikana vituo vya afya, na kwa kuwa haiui vizuri minyoo michanga, anayepima au kumeza dawa siku chache baada ya kukanyaga maji anaweza kudhani amepona kumbe bado. Subirini wiki sita hadi nane.

SWALI: Sisi ni wastaafu wa Musoma na tuna boti ya faiba iliyosajiliwa. Kisumu si mbali. Je, tunaweza kupitiliza tu, tukamsalimie binti yetu aliyeolewa huko?
Msomaji, Musoma

JIBU: Kupitiliza tu, hapana. Mpaka wa majini hauna uzio, lakini upo, na wavuvi wa nchi zetu tatu wamekuwa wakikamatwa na kunyang'anywa vyombo kwa kuuvuka. Mnapaswa kugongewa mihuri ya uhamiaji na kupita forodha kabla ya kuondoka na mnapofika, boti ikiwa na hati zake zote, na itawabidi mwingie kupitia bandari rasmi, si kwenye mwalo ulio karibu na nyumba ya mkwe. Zaidi ya hayo, Kisumu iko mwisho wa ghuba ndefu ambayo mara nyingi hufungwa na magugu maji. Kwa barabara kupitia mpaka wa Sirari mtafika siku hiyohiyo. Boti iacheni Musoma kwa mtu mnayemwamini, na injini muishushe kabla ya kuondoka.